Mwanamke Aliyemsifu Mkuu wa Ingobyi

Kitabu hakikuwa na jalada. Panya wa Kamembe, ambao nakuambia ni wakubwa kama mbuzi, walikuwa wamekula jalada lote, jina la kitabu, jina la mwandishi na kurasa za mwanzo. Kisha wakaacha, nadhani kwa sababu Kifaransa kiliwashinda kama kilivyokuwa kinatushinda sisi. Ilikuwa riwaya ya zamani ya nchi za mbali, na mwalimu wetu wa shule ya jioni, tuliyemwita Madamu, alikuwa na nakala hiyo moja tu kwa darasa zima. Alisoma yeye, sentensi moja moja, halafu akatueleza kwa Kiswahili, na sisi tukaandika maneno mapya kwenye madaftari yetu, tuliyoyaita makaye.

Tulikuwa watu wazima tuliokunjwa kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi. Magoti yangu yalinifika masikioni. Mbele yangu alikaa mshona viatu, Mwislamu wa pale pale Kamembe, mwenye tumbo lililokuwa na dawati lake peke yake. Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli, Mnyarwanda niliyezaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, niliyerudi Rwanda na mama yangu baada ya yale ya mwaka wa tisini na nne, nikiongea Kinyarwanda kilichowafanya hata ng'ombe wageuke kunitazama. Pembeni yangu alikaa jirani yangu wa kilimani, seremala, mtu mrefu mwenye bega moja lililoshuka kuliko jingine. Jina lake la kuzaliwa wengi walikuwa wamelisahau. Sote tulimwita Mkuu.

Hadithi ya kitabu ilihusu mji wa watu wa sala. Si sala kama zetu, za kuimba mpaka vumbi linapanda kutoka sakafuni. Wale walivaa nguo za giza kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, na kucheka kwao nadhani kulihitaji kibali cha serikali. Mwanamke mmoja alizaa bila mume kuonekana. Wakamsimamisha mbele ya mji mzima amtaje baba wa mtoto, akakataa. Baba alikuwa mhubiri wao mwenyewe, mtakatifu wa mji, na yeye alinyamaza. Kisha akaja mume wa yule mwanamke, ambaye watu walidhani amekwisha kufa. Akaficha jina lake, akajifanya mganga, akaigundua siri, akahamia nyumba moja na mhubiri. Akawa anamchemshia dawa, anamuuliza ameamkaje, anamfunika blanketi. Hakumgusa hata kwa ukucha. Alikaa tu karibu naye, akamtunza, na kumla polepole.

Darasa liliwaka moto. Mshona viatu alisema mhubiri huyo angekuwa Kamembe angejulikana kabla ya Ijumaa, kwa vile wanawake wa soko letu huijua mimba kabla ya mwenye mimba. Mimi nikasema mganga ndiye mjinga wa kitabu, dawa za bure miaka yote hiyo, si angefungua famasi? Watu wakacheka mpaka ndege ya jioni ikapita juu ya paa ikienda kutua na hatukuisikia. Nilifurahi sana. Shuleni nilikwenda kwa ajili ya diploma na kwa ajili ya kuchekesha watu, na sijui ni kipi kilitangulia.

Mkuu hakucheka. Aliinua mkono kama mtoto wa darasa la pili, akauliza, "Madamu, ule muhubiri alikuwa anajua kama ule munganga anajua?"

"Bado," Madamu akasema. "Ndiyo maana anaendelea kumshukuru."

Mkuu akafunga kaye yake, akatazama ubao mpaka mwisho wa somo, ingawa ubaoni hapakuwa na kitu.

Lazima nieleze alikuwa mkuu wa nini. Kilima chetu kiko kati ya Kamembe na Mibirizi, na barabara ya magari ilipita mbali nacho kama mtu aliyegombana na wenyeji. Mgonjwa wetu hupelekwa hospitali ya Mibirizi juu ya mabega. Tuna ingobyi, machela ndefu iliyosukwa kwa mianzi mfano wa kikapu, yenye miti miwili. Wanaume wanne huiweka begani na kushuka nayo kwa ile nusu-mbio, na wengine wanne hufuata nyuma wakingoja kuwapokea. Kila nyumba imo katika chama cha ingobyi. Asiyekuja kubeba wenzake, siku yake ikifika hubebwa na mkewe. Kilimani hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Hata jela wanakupa maharage.

Mkuu aliongoza chama hicho tangu siku watu waliporudi kutoka Kongo na kukiunda upya. Nimemwona akimbeba mama mwenye uchungu wa kuzaa katika mvua iliyokuwa inang'oa migomba, na hakuomba kupokewa hata mara moja. Nimemwona akitoka kwenye harusi ya mdogo wake, na koti lake la kuazima, akaenda kuweka bega chini ya mti wa ingobyi. Mimi nilisema mara nyingi, na watu wakapenda, kwamba siku ya mwisho Bwana atatuma malaika kuja kuchukua watu wa kilima chetu na malaika watakuta Mkuu ameshafika nao mlangoni.

Aliyempa kazi ile alikuwa mwanamke mmoja, mjane, jirani wa nyumba zetu zote mbili. Siku ya kuunda chama watu walikuwa wamekaa kwenye majani, wanatazamana. Hapakuwa na aliyetaka kumsifu mwenzake miaka ile, maana hukujua mwenzako alikuwa wapi na alifanya nini. Mjane akasimama. Alieleza jinsi walivyokimbilia Kongo na watu wengi, wakakaa kambini nyuma ya Bukavu, na jinsi vita vilipofika kambini wakaingia msituni kuelekea magharibi. Baba yake alikuwa mzee, miguu imevimba. Vijana wanne wa kilima chetu walifunga shitingi, lile turubai la bluu la kambini, kwenye miti miwili, wakambeba. Yeye alitangulia na watoto, kwa sababu watoto wakisimama walikuwa wanalala, na aliyelala hakuamka. Jioni wale vijana walimfikia bila miti na bila shitingi. Wakamwambia mzee amefariki njiani, wamemzika chini ya mti, wamesoma zaburi. Kati ya wanne hao msitu ulibaki na watatu. Aliyerudi kilimani alikuwa mmoja, na mmoja huyo alikuwa ameketi pale, seremala.

"Huyu alibeba baba yangu mpaka pumzi ya mwisho," akasema. "Nani atatubeba sisi vizuri kuliko yeye?"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawa moto. Seremala alitazama chini. Tukasema, tazama mtu mnyenyekevu.

Tangu siku hiyo ingobyi haikuondoka kilimani bila mjane yule kufika. Alikuja na kijerikeni kidogo cha njano chenye maji, akapita katikati ya watu, akakitia mkononi mwa Mkuu, mkononi mwake yeye na si mwa mwingine, na kusema maneno yale yale: "Chukua maji. Mugonjwa anaombaka maji." Iwe mvua inanyesha kiasi cha mtu kunywa kwa kufungua mdomo tu, alikuja. Iwe mgonjwa amezimia, hawezi kumeza hata mate, alikuja. Mkuu alipokea kwa mikono miwili na kusema asante, Maman. Kanisani wahubiri walimtaja mjane yule kama mfano. Mimi mwenyewe, nikitaka kumchokoza mke wangu kwa uvivu, nilimwambia atazame mwenzake.

Siku chache baada ya lile somo la kitabu tulimpeleka bibi mmoja Mibirizi, tukarudi na ingobyi tupu mchana. Wenzetu walitangulia kwa haraka, maana njiani kulikuwa na nyumba yenye pombe ya ndizi, na kwa kazi hiyo miguu ya wabebaji wetu haijawahi kuchoka. Tulibaki wawili, mimi mbele, Mkuu nyuma. Katikati ya mihogo ya watu akaniambia tuweke chini. Nikadhani anataka kujisaidia. Akakaa kwenye ukingo wa njia, akaanza kuongea Kiswahili cha ng'ambo, lugha tuliyotumia tukiwa wawili, mimi kwa sababu ya kinywa changu, yeye kwa sababu, nilielewa siku ile, kilikuwa Kiswahili cha mambo yake ya kule.

Alisema hawakumzika mzee. Risasi zilisikika nyuma yao, na aliyekuwa amebeba ncha ya mbele ya mti wa kushoto alikuwa analia. Walikuwa wamevuka daraja la magogo. Wakamweka mzee chini kando ya njia, mzee akauliza kwa nini wamesimama. Wenzake watatu walitazama pembeni.

"Ni mimi nilimujibu," Mkuu akasema. "Nilisema, tunaenda kutafuta maji, Mzee. Akaniambia asante. Akasema, musikawie."

Kaburi walilitunga njiani, kabla ya kumfikia binti. Walikubaliana mti wa aina gani na zaburi ipi, ili mtu asije akasema tofauti na mwenzake. Miaka yote aliamini mjane yule amedanganyika, na kila sifa aliyopewa aliibeba kama alivyobeba wagonjwa, akijiambia kwamba atabeba wengi mpaka mmoja yule asionekane kati yao. Halafu Madamu akasoma kitabu.

"Ule mama anajua," akasema. "Anajua tangu siku ya kwanza."

Nilimbishia kwa nguvu zangu zote. Nilimwambia mwanamke wa kilima chetu hawezi kunyamaza juu ya kuku aliyeibwa, atanyamazaje juu ya baba yake. Nilimwambia angejua angemng'oa macho mawili na kuazima mengine amng'oe tena.

Akanisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Sasa kwa nini maji?"

Nilitazama kile kijerikeni cha njano kilichokuwa ndani ya ingobyi tupu. Tukainua, tukaenda.

Ilikuwa miaka ya gacaca, zile mahakama za kilimani. Kila wiki watu walikaa kwenye nyasi, mtu anasimama mbele ya majirani na kueleza alichofanya nchini siku zile. Mkuu hakuwa na la kueleza pale. Hakugusa mtu, na wengi walimshuhudia hivyo. Ya msituni hayakuwa na siku yake. Hakuna aliyeyauliza, na aliyeyajua alijifunza kuyameza. Alikwenda kwanza kwa mchungaji wake. Mchungaji alimwambia Mungu ameshasamehe zamani, akampa Fanta, akamuuliza kama anaweza kutengeneza benchi mbili za kwaya. Akazitengeneza. Nilizikalia, zilikuwa imara sana.

Basi akaamua kuyasema kwenye mkutano mkubwa wa chama, ule wa mwaka, ambapo waliookoka hunywa soda upande mmoja na Wakatoliki hunywa pombe ya ndizi upande wa pili, wakitazamana kwa huruma. Aliniambia mapema. Nilimsihi asiseme. Nilimwambia watu watamtoa kwenye chama, na akitolewa nani atambeba yeye. Akajibu kwamba hilo ndilo analolitaka, watu wamtoe. Alilisema kama mtu anayeeleza ana kiu.

Alipofika wakati wa kuchagua viongozi, akasimama.

"Mimi sikumuzika Mzee," akasema, kwa Kinyarwanda ninachokugeuzia hapa kwa Kiswahili chetu cha ng'ambo, polepole, wote wasikie. "Tulimuacha anapumua. Nilimudanganya kama ninaenda kutafuta maji."

Nikasema moyoni, sasa imekwisha, watamrukia, na labda ataanza kuishi. Mjane akainuka kutoka upande wa soda. Alikaza kitenge chake, akavuka uwanja bila haraka, akaushika mkono wa Mkuu kwa mikono yake miwili, akatugeukia sisi.

"Mumusamehe," akasema. "Pori ilituharibu vichwa sisi wote. Hata mimi usiku ninaota kama ni mimi nilimuacha baba. Baba yangu alikufa vizuri, na huyu ndiye alimufunga macho. Mukimutoa kwenye kazi, na mimi ninatoka."

Miaka ile mtu akisema neno zito kupita kiasi tulikuwa na namna moja ya kulipokea. Tulisema vita vimemshika kichwa, tukamtafutia kiti, tukamwimbia. Tulikuwa tumewaona wengi wakipiga kelele kanisani, sokoni, wakiona watu wasiokuwapo, nasi tulijua kumtuliza mtu kuliko tulivyojua kulima. Tukamtuliza Mkuu. Wanawake wakalia, kwaya ikaanzisha wimbo, mtu akamletea kiti, akachaguliwa tena kwa makofi. Kilima kizima tulimfariji, na kila mkono uliompapasa mgongo ulikuwa unamrudisha ndani. Nilikuwa karibu yao. Mjane bado alikuwa ameushika ule mkono, na alimtazama usoni kama mpishi anavyotazama chungu kama kimeiva.

Mkuu aliacha shule. Kazini na kwenye ingobyi aliendelea, ila mwili ulianza kumkimbia. Bega lile lililoshuka lilishuka zaidi, naye akakonda mpaka suruali zake zikawa zinashikiliwa na mshipi na neema ya Mungu. Kijerikeni kiliendelea kuja. Aliendelea kukipokea kwa mikono miwili na kusema asante, Maman, na sasa, kwa vile nilijua, nilikuwa naangalia majani kila mara wawili hao walipokutana. Nilijaribu kumchekesha. Nilimwambia nimevumbua baiskeli inayopanda mlima peke yake. Alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayetabasamia picha.

Darasani tulimaliza kitabu bila yeye, na Madamu akanituma nikamweleze mwisho, kwa sababu alikuwa mwanafunzi wake mwenye makini. Nikaenda karakanani kwake. Nilimweleza jinsi mhubiri alivyosimama mwishowe mbele ya mji mzima akasema, akafa pale pale, na jinsi mganga, baada ya kukosa mtu wa kumla, alivyonyauka naye. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri. Nilitaka aone kwamba kusema kulimpa yule mtu kupumzika.

Mkuu aliacha randa. "Walimuamini?" akauliza.

Sikutaka kudanganya juu ya kitabu. Nikamwambia wengine waliamini, lakini Madamu alisoma kwamba wengine walisema hapana, mhubiri yule hakuwa na kosa, alikuwa anawapa mfano tu wa unyenyekevu.

"Hata kule," akasema, akarudi kwenye ubao wake.

Alipougua, tumbo lilijaa na macho yakawa ya njano. Alikataa ingobyi. Alisema afie nyumbani kwake kwenye mkeka, alirudia hivyo kwa kila aliyeingia, na alipoona hatusikii akashika mguu wa kitanda alichokitengeneza mwenyewe. Lakini wewe fikiri, mkuu wa chama, mtu aliyebeba nusu ya kilima, tumwache afe kama mbuzi? Wanaume walifika kuliko siku yoyote niliyopata kuona. Waligombania miti. Tulimbandua vidole kimoja kimoja, kwa upendo mkubwa, tukamlaza kwenye mianzi, na mimi nikapata mti wa mbele.

Mjane alifika. Siku ile hakutoa maji wala hakusema maneno yake. Alitembea pembeni ya ingobyi, mkono kwenye ukingo, mwendo ule ule wetu wa nusu-mbio, mwanamke wa umri wake. Wenzetu walisema mtazameni, anamlipa wema wake.

Tulipofika mteremko mkali, ambapo wabebaji hunyamaza ili kuangalia miguu, nikamsikia mjane nyuma yangu. Aliongea chini chini, Kiswahili cha ng'ambo, ambacho wale wengine watatu hawakukijua vizuri.

"Ulimuweka wapi?"

Nilikuwa natazama mbele. Anayebeba mbele hawezi kugeuka, akigeuka mgonjwa anamwagika. Nilisikia pumzi ya Mkuu, nzito, yenye maji ndani.

"Sikukasirikii tena," akasema. "Niambie fasi tu. Ni upande gani? Ni mbele ya muji gani? Sema jina moja."

Pumzi ikaja, ikaenda. Akauliza tena. Aliuliza mteremko wote, na tulipofika bondeni na kuanza kupanda alikuwa bado anauliza, sauti imeanza kukatika kwa kukimbia. Kama Mkuu alimsikia, sijui. Kama alimsikia na hakuweza, au alimsikia na hakutaka, hilo pia sijui, na nimelifikiria kuliko nilivyofikiria mtihani wa diploma. Tulipomshusha kwenye uwanja wa hospitali muuguzi akamtazama, akamgusa shingo, akatuuliza kwa upole ni nani wa ukoo wake. Mjane alikuwa amekaa kwenye saruji, mikono mapajani, kinywa wazi.

Tulimrudisha Mkuu kilimani kwa ingobyi ile ile. Watu waliimba.

Nilidhani nitamwona mjane akiwa ameshiba. Sivyo ilivyokuwa. Aliacha kuja mikutanoni. Shamba lake likashikwa na magugu, yeye ambaye mistari yake ya maharage ilikuwa imenyooka kuliko barabara za serikali. Kisha asubuhi moja akaja kwenye kibanda changu cha baiskeli Kamembe, akakaa kwenye benchi ya wateja, akaniuliza kama marehemu aliwahi kuniambia jambo.

Niliweka spana chini, akaanza yeye. Alisema kule msituni, kabla hawajarudi, alikutana na bibi mmoja aliyekuwa nyuma yao njiani. Bibi yule alipita karibu na mzee aliyekaa kwenye shitingi la bluu, peke yake. Mzee alimzuia, akamwuliza kama amekutana na vijana waliokwenda kumtafutia maji, na kama binti yake anajua amechelewa. Bibi hakuweza kusimama. Hakuweza hata kusema ilikuwa wapi, kwake msitu wote ulikuwa njia moja. Mjane akarudi kilimani na habari hiyo, akamkuta seremala amesharudi, anapiga paa.

"Nilisema, abebe," akaniambia. "Abebe wote. Ajue uzito ya kila mumoja."

Nikamuuliza kwa nini basi hakumwachia aseme siku ile ya mkutano.

"Angesema, mungemusamehe. Ninyi munasamehe mbio sana." Akasugua goti lake. "Nilijua hatakimbia. Iko pale, kila siku ninamuona. Nikasema nitamuuliza fasi siku nikitaka. Sikukuwa na haraka, Papa."

Nikamwambia nililoambiwa. Halikuwa kubwa: walimweka kando ya njia baada ya kuvuka daraja la magogo.

Alinigeukia mwili mzima. Akauliza mto gani. Nikamwambia hakuutaja, na mimi sikumuuliza. Akasema, wewe ni mtoto wa kule, umekulia kule, unajua ile njia. Kweli naijua. Kabla ya vita nilipita huko na mjomba wangu tukiuza sabuni, na nimejisifu mara nyingi kwamba naweza kuipita nimefumba macho. Nikaanza kumtajia kwa mpangilio, kutoka Bunyakiri kwenda Walikale na mbele zaidi: mto Hombo, Luhoho, Oso, Lowa, na vile vijito vya katikati visivyo na majina au vyenye majina matatu kila kimoja.

"Na yote iko na daraja ya magogo?"

"Karibu yote, Maman."

Mteja akaja na gurudumu lililopinda. Nikalinyoosha, nikalijaribu, akaenda zake. Mjane alikuwa bado kwenye benchi, akirudia majina ya mito kwa sauti ndogo, akiyakosea, akianza tena.